Ploti Hii Haiuzwi

Shangazi yangu huweka karatasi zake za maana kwenye mfuko wa plastiki uliowahi kubeba blanketi. Mwaka jana aliufungua mbele yangu, akatoa risiti za benki, kitambulisho cha marehemu mumewe, na kijikaratasi cha rangi kilichokunjwa mara nne. Nilikitambua kabla hajakikunjua. Ni mimi niliyekitengeneza.

PLOTI TAYARI, HATI TAYARI. Upande wa Kajiado, lipa kidogo kidogo. Alilipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu akamaliza, na hati hajaiona hadi leo. Nikamuuliza ni nini kilimfanya awaamini wale watu.

“Baba, si uangalie hayo maandishi,” akasema. “Yamesimama wima kama ya serikali. Wakora hawaandiki hivyo.”

Hayo maandishi niliyachagua mwenyewe. Ni herufi ndefu, zimebanwa kwa upana, na mwisho wa kila mstari wake kuna kikanyagio kinene cha mraba, kama buti la askari. Sisi wa dizaini tunakiita serifu. Huwezi kuzipata kwa kuchukua fonti yoyote na kuiminya kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo, mistari ya wima inakonda na ya mlalo inabaki minene, yaani herufi inakaa kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake. Mchoraji lazima achore kila moja upya: apunguze tundu la O, aurudishe ndani mguu wa R, lakini mstari wa wima aulindie uzito wake. Kwa Kiswahili ni kama zilitumwa na Mungu, maana maneno yetu ni marefu. Jaribu kuandika YANAYOPATIKANA kwa herufi pana kwenye karatasi inayotoshea mfukoni.

Herufi za ukoo huu zilizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya kupiga kelele ukutani. Wauzaji walipenda kuziita za Kimisri, kwa sababu Misri ilikuwa fasheni baada ya vita vya Napoleon kule. Hakuna Mmisri aliyehusika. Lakini mwaka 1845 Robert Besley, wa kiwanda cha herufi cha Fann Street, alitoa aina iliyoitwa Clarendon, nayo ilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa nene, imebanwa kiasi, ili iweze kukaa katikati ya maandishi ya kawaida na kumwonyesha msomaji neno analolitafuta. Kamusi kubwa ya Oxford iliitumia kwa yale maneno yanayofafanuliwa. Ilikuwa kama kidole kinachokwambia: hapa, soma hapa.

Rafiki yangu mwenye mashine ya kuchapa pale River Road husema herufi haina dhambi. Ana hoja. Kule Marekani, minada ya watumwa na mikutano ya kupinga utumwa ilitangazwa kwa herufi nene za aina zile zile, na huwezi kuilaumu A kwa neno ililowekwa ndani yake. Sawa. Lakini A haikuenda kazini asubuhi ile. Mimi ndiye nilienda. Nilizichagua hizo herufi kwa sababu nilijua zinaaminika, na imani hiyo sikuijenga mimi. Ilijengwa na kamusi, na vichwa vya magazeti, na watu waliozitumia kwa ukweli muda mrefu. Mimi niliikodisha kwa siku mbili, nikalipwa kwa M-Pesa.

Unaweza kusema sikujua. Nilijisemea hivyo pia, karibu wiki nzima. Ila kulikuwa na sentensi moja. Mteja aliituma pamoja na mengine: hati zingetolewa baada ya mgawanyo wa ardhi kuidhinishwa. Yaani ardhi ilikuwa bado haijagawanywa. Mteja akaniambia, “Hiyo weka ndogo huko chini.” Nikaiweka pointi 6, kijivu juu ya kijani. HATI TAYARI ilikuwa pointi 96.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea. Herufi iliyobanwa inaokoa nafasi, hiyo ndiyo maana yake yote. Baada ya kubana kichwa, nilibaki na karibu theluthi ya ukurasa. Sentensi ile ingeingia pale kwa pointi 14 bila kumbana mtu. Niliweka picha ya familia imekaa kwenye nyasi.

Sikumwambia shangazi siku ile. Nilimwambia mwezi uliofuata, jikoni kwake, akiwa anachambua mchele. Alinyamaza, akatoa jiwe moja, akatoa lingine. Kisha akaniambia amesikia ploti yake inaonyeshwa wanunuzi wengine, kwa hivyo nimtengenezee kibao cha bati, na rangi nitanunua mimi.

Ninacho hapa sebuleni, bado hakijakauka. PLOTI HII HAIUZWI. Bati lenyewe ni jembamba, kwa hivyo nilitumia herufi zile zile, na maneno yote matatu yameingia kwenye mstari mmoja. Chini yake kulibaki nafasi. Nimeandika jina lake na namba ya simu, kwa ukubwa ule ule.