Kocha, Mtini na Mwaka Mmoja Zaidi

Anayetoka ibadani Kariakoo siku ya Jumapili hahitaji gazeti ili ajue matokeo ya mpira. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako kona ya Twiga na Jangwani, na washarika wetu wamegawanyika baina ya hao wawili. Kabla hatujavua joho tunasikia nani amefungwa, na mara nyingi tunasikia pia nani afukuzwe.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Kocha wa Simba alikuwa Mbrazili, Roberto Oliveira, ambaye wengi walimwita Robertinho. Mwezi Agosti mwaka ule ule timu yake ilikuwa imeishinda Yanga kwa penalti na kutwaa Ngao ya Jamii. Hilo halikumsaidia. Siku chache baada ya mabao yale matano hakuwa na kazi.

Upande wa pili alikuwa Miguel Gamondi, Mwajentina, na mjini alisifiwa kila kona. Msimu ule aliipa Yanga ubingwa wa ligi na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ilikotolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Oktoba 2024 aliifunga Simba tena. Kisha Novemba akapoteza mechi mbili mfululizo, moja kwa Azam na nyingine kwa Tabora United, na katikati ya mwezi huo naye akaondoka. Kutoka mabao matano hadi kufungasha mizigo, umepita mwaka mmoja tu na siku kadhaa.

Je, ni dhambi kumwachisha kocha kazi? Hatusemi hivyo. Klabu ina mkataba, ina wanachama, na kocha analipwa ili timu ishinde. Kazi hupimwa, na anayekataa kupimwa hafai kupewa kazi. Swali letu ni jingine. Kuna hatua ndogo tunayoichukua bila kuiona: tunaanza na kusema kazi yake haikufaa, tunamaliza kwa kusema yeye hafai. Neno la kwanza ni hukumu juu ya matokeo. Neno la pili ni hukumu juu ya mtu, na hapo tumeketi kwenye kiti ambacho si chetu.

Tarehe 16 Novemba 2024, Yanga ikiwa imetoka tu kubadilisha kocha, jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Mazungumzo ya mpira yalikatika. Waliofukiwa hawakuulizwa ni wa Simba au wa Yanga, wala biashara zao zilikuwa zinapanda au zinashuka. Kila mmoja alichimbuliwa kwa sababu alikuwa mtu.

Wiki ile tulirudi kwenye Injili ya Luka, sura ya 13. Hapo Bwana Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu kwamba sivyo, na akawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu. Hakuruhusu anguko la mtu liwe cheti cha ubaya wake. Mara baada ya hapo akasimulia mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta tunda, hakuna, anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi.

Miaka mingi tulihubiri mfano huo kana kwamba mtunza shamba aliomba muda tu. Sivyo. Aliahidi kupalilia kuuzunguka na kutia mbolea. Yeye mwenyewe angeinama na jembe. Wala hakusema mti usipimwe tena. Alikubali kwamba mwaka una mwisho. Basi neema si kufumba macho tusione kwamba tunda hakuna. Neema ni mtu kuweka jasho lake kwenye mizizi ya mwenzake aliyeshindwa.

Hapo tukajikuta sisi wenyewe tumeshikwa. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, kwaya ilishika nafasi ya mwisho kwenye mashindano. Kikao cha wazee kilichukua nusu saa. Mwalimu wa kwaya akaondolewa, nasi tukatia sahihi. Huenda uamuzi ulikuwa sawa, maana kweli sauti zilikuwa zimelegea. Lakini hatukwenda nyumbani kwake. Hatukumwuliza kwa nini mazoezi yalikuwa yanakosa watu. Baadaye tulisikia kwamba miezi ile alikuwa anamwuguza mama yake usiku kucha. Alikaa benchi la nyuma Jumapili mbili, ya tatu hakuja, na hakurudi tena. Tulimpoteza mwalimu wa kwaya kwa sababu ya matokeo. Tulimpoteza mshiriki wa meza ya Bwana kwa sababu ya uvivu wetu.

Sisi Walutheri tunafundisha watoto wa kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Halafu matokeo ya kidato cha nne yanatoka, na mtoto yule yule aliyepata sifuri anaona nyumba nzima imenyamaza, hata sahani yake inawekwa mezani bila neno. Anajifunza kutoka kwenye ukimya ule kuliko kutoka kwenye katekisimu yetu.

Hatuwezi kuzizuia klabu zisiwaachishe makocha, na si kazi yetu. Lakini kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja aliyeondolewa mahali fulani: kibaruani, kwenye kamati, kwenye kwaya. Pengine aliondolewa kwa haki. Aendewe hata hivyo. Sisi tumeanza kumtafuta yule mwalimu wa kwaya. Tumeambiwa amehamia Mbagala, nasi tutakwenda, tukiwa tumechelewa, kumwomba msamaha.