Viatu Mlangoni

Shangazi alinipigia simu kuniambia ameacha dawa za presha. Siku hizi anatafuna kitunguu saumu, asubuhi na jioni.

"Si wewe uliandika kinatibu?"

Alionyeshwa na binti yake makala niliyoiandikia tovuti moja ya ng'ambo, kwa Kiingereza.

"Shangazi, sikuandika kinatibu. Niliandika huenda kinasaidia."

"Sasa huenda si ni karibu ndiyo?"

Nilikosa jibu. Mteja alikuwa amenifunza kwamba usipokuwa na uhakika, weka "may" ama "it seems", hakuna atakayekushtaki. Nikazoea kuyanyunyiza maneno hayo kama chumvi. Kuhusu kitunguu saumu sikuwa nimesoma utafiti hata mmoja. Unaweza kusema kosa ni la Shangazi, angesoma vizuri. Hata mimi nilijaribu kujiambia hivyo. Lakini "may" yangu haikuwa shaka. Ilikuwa mlango wa nyuma wa kutorokea.

Maneno yenyewe hayana hatia. Nikikuta viatu vya kaka yangu mlangoni, nasema "atakuwa amefika". Sijamwona, ila viatu nimeviona, na ukinibishia nitakuonyesha. Kiingereza nacho kina "he must be home". Inasikika kama kauli nzito, kumbe ni nyepesi kuliko "he is home", kwa sababu inakiri kwamba nimekisia kutokana na dalili fulani.

Mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walichapisha katika jarida la Nature makala fupi sana kuhusu umbo la DNA. Karibu na mwisho walidokeza, kwa unyenyekevu wenye maringo kidogo, kwamba jinsi sehemu zake zinavyoshikana jozi kwa jozi inaashiria njia ambayo huenda DNA hujinakili. Sentensi hiyo moja ina "suggests" na "possible". Lakini viatu vilikuwa mlangoni: jozi zenyewe walikuwa wameshazieleza, na yeyote angeweza kuzikagua. Mwaka 1958, Matthew Meselson na Franklin Stahl walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba DNA ikijinakili, kila nakala hubaki na uzi mmoja wa zamani. "Huenda" ile ilikuwa imewaachia wengine kitu cha kupima.

Yangu haikuacha chochote cha kupima. Ndiyo maana nadhani mtu anaweza kudanganya bila kuandika sentensi hata moja ya uongo. Ukisema "inaonekana", umeniambia kuna kitu umekiona. Kama hukuona kitu, neno hilo si unyenyekevu tena.

Jioni nilimpigia. "Shangazi, rudia dawa zako leo, na kesho uende umwone daktari. Sikuwa nimesoma chochote."

Alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo ulinidanganya?"

Nilitaka kusema ni kama. Nikasema ndiyo.