Tumbaku na Uhuru wa Mtu

Mtu mzima mwenye akili timamu akinunua sigara kwa fedha aliyoichuma kwa jasho lake, akaivuta kwa kinywa chake mwenyewe, je, amemkosea nani? Swali hili huulizwa mara nyingi, na aghalabu muulizaji hudhani kwamba jibu lake li tayari: hakumkosea mtu. Uhuru ni tunu, wala si jambo dogo kumkataza mtu kufanya apendalo kwa mali yake. Kwa hiyo, msomaji, swali hili lastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa karipio.

Kwanza, na tuutazame moshi wenyewe. Nakuru ilikuwa mojawapo ya miji ya Kenya iliyokataza uvutaji wa sigara hadharani hata kabla ya sheria ya nchi. Baadaye Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ilieneza katazo hilo nchini kote. Wavutaji walinung'unika kwamba wamenyang'anywa haki yao. Lakini fikiri juu ya matatu itokayo Nakuru kwenda Naivasha asubuhi ya baridi, madirisha yamefungwa, na abiria mmoja awashe sigara yake. Nauli aliyolipa ni ya kiti kimoja. Hewa ya gari zima hakuinunua. Mama mwenye mtoto mchanga aliyeketi nyuma yake hakuulizwa kama anapenda kuvuta, walakini anavuta. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba kila mwaka tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7, na kati yao zaidi ya milioni moja hawakuwa wavutaji. Walivuta moshi wa wenzao. Abiria wa matatu aweza kushuka Gilgil. Mtoto aliyezaliwa katika chumba cha mvutaji atashukia wapi?

Pili, na tuitazame fedha. Tuseme sigara moja ni shilingi 10, na mtu anavuta tano kwa siku. Hiyo ni shilingi 50, kiasi ambacho mfuko haukihisi. Lakini kwa mwaka ni shilingi 18,250, na kwa miaka kumi ni shilingi 182,500. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hapana budi tuongeze kwamba haba na haba hukimaliza pia. Fedha hiyo ingemnunulia mfugaji wa Njoro ng'ombe wa maziwa, au mkulima wa Molo mbegu za viazi kwa misimu kadhaa, au ingelipa karo ya mwanafunzi. Sheria yakataza kuuza sigara mojamoja, na moja ya faida za katazo hilo ni hii: anayenunua mojamoja haoni jumla ya deni lake. Tena jumla hiyo haijaingiza gharama ya ugonjwa. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipotangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London, imejulikana kwamba sigara na saratani ya mapafu huandamana. Leo twajua kwamba huleta pia magonjwa ya moyo, kiharusi na kukosa pumzi kusikopona. Mgonjwa akilala kitandani, shamba hulala naye, na atakayeuza ng'ombe ili kulipa hospitali si yeye peke yake, bali ni nyumba nzima.

Yupo atakayejibu kwamba tumbaku huwapa wakulima riziki. Ni kweli kwamba wapo Wakenya wailimao, hasa katika sehemu kama Migori. Lakini mkulima ashikaye majani mabichi yenye umande huingiwa na nikotini kupitia ngozi, akapatwa na kizunguzungu na kutapika. Na kukausha majani hayo kwataka kuni nyingi. Sisi wa Bonde la Ufa tumeona jinsi mito ipunguavyo Msitu wa Mau ukatwapo, ingawa haukukatwa kwa ajili ya tumbaku; kwa hiyo twajua thamani ya mti. Huko Migori kwenyewe wakulima wameanza kusaidiwa kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe, zao ambalo mkulima aweza kuliuza, na lisipouzika, kulila.

Mwingine atasema, "Babu zetu walinusa ugoro na wakaishi miaka mingi." Hoja hii ina udhaifu mmoja mkubwa: walionusurika ndio wasimuliao, na waliokufa mapema hawapo kutoa ushahidi. Zaidi ya hayo, katika jamii nyingi ugoro ulikuwa jambo la wazee, na kijana aliyeugusa alikaripiwa. Biashara ya leo haiwangojei wazee. Walio wengi katika wavutaji huanza wakiwa bado vijana, na ndiyo maana sheria imekataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18.

Hapo ndipo tufikapo kwenye kiini cha swali letu. Uhuru tuliokuwa tukiutetea u wapi? Nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache, na ubongo hujifunza kuidai. Mazoea yana taabu: mtu aliyechagua sigara ya kwanza hachagui tena ile ya elfu. Hukatiza kazi kwa ajili yake, huikopea dukani, na huapa Jumatatu kwamba ataacha, Jumanne akawasha. Ajabu ni kwamba jambo lililoombewa ruhusa kwa jina la uhuru ndilo liliondoalo uhuru.

Nasema haya si kwa kumdharau mvutaji. Wengi wao wangependa kuacha, nao wastahili msaada na heshima, maana mlango haukufungwa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari iliyoongezwa na sigara juu ya moyo hupungua kwa nusu hivi. Baada ya miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Basi, msomaji, mtu yule amemkosea nani? Amemkosea jirani kwa hewa, jamaa zake kwa fedha, na nafsi yake kwa uhuru. Wewe uliye shuleni huenda ukapewa sigara na rafiki kesho, nyuma ya bweni au kituoni, ukaambiwa kwamba kuikubali ni dalili ya utu uzima. Kumbuka kwamba saa ile, kabla hujanyosha mkono, ungali huru kabisa kusema hapana, na hutakuwa huru kiasi hicho tena ukisema ndiyo.