Riba Iliyo Mfukoni



Ndugu zetu Waislamu wa Mji wa Kale, riba twaichukia kwa ndimi zetu. Mtu akishauriwa kukopa benki husema, "Astaghfirullah!" Lakini huyo huyo, asimamapo Marikiti na kikapu chake na fedha za simu zikampungukia, hubonyeza Fuliza wala asijione kuwa amekopa.

Fuliza ilianzishwa na Safaricom pamoja na mabenki mwaka 2019. Mwenye M-Pesa akilipa kuliko alicho nacho, benki humjazia kilichopungua. Hutozwa asilimia moja ya alichojaziwa; kisha, ikiwa deni si dogo, huongezwa ada ya kila siku mpaka alipe. Na fedha yoyote ikimwingilia, deni hukatwa kwanza, hata ikiwa ametumiwa kwa dawa ya mtoto.

Tufanye mfano. Mtu amejaziwa shilingi 2,000, na ada ni shilingi 20 kwa siku. Baada ya siku kumi adaiwa 2,220.

Wako wasemao: hii si riba, ni ujira wa kazi. Twajibu: hamali achukuaye gunia kutoka Marikiti mpaka Kibokoni hulipwa mara moja. Gunia likisha kufika, likalala nyumbani siku kumi, harudi kila asubuhi kudai. Basi kazi ya kujaza fedha nayo imekwisha siku ya kwanza. Kinachouzwa siku ya pili na ya tatu ni muda mtupu. Ziada ya deni kwa ajili ya muda ndiyo riba iliyoharamishwa katika Sura ya Al-Baqara. Na sura hiyo hiyo yamwamrisha mwenye kudai amngoje mdaiwa aliye katika dhiki. Huku, kila siku ya kungoja yahesabiwa shilingi.

Lakini tusimlaumu masikini peke yake. Wengi hawakufuliza ila kwa kukosa wa kuwakopesha. Zamani mwenye duka wa mtaani aliandika katika daftari, na mwisho wa mwezi akapokea kile kile alichoandika. Leo sisi wenye uwezo tumefunga milango yetu, kisha twamhukumu aliyebisha mlango mwengine!

Kwa hivyo, yatupasa mambo mawili. Aliye na deni hilo na alipe upesi, kisha ajitoe. Na kila msikiti uweke sanduku la karadha njema: deni liandikwe, mashahidi wawepo, na kirudi kilichotolewa bila ya ziada. Tukiharamisha bila ya kufungua njia ya halali, tumefanya nusu ya kazi.

Kufuliza, kwa lugha yetu, ni kuendelea bila kusita. Basi na tufulize katika kusaidiana, si katika madeni.