Nyumba ni ya Nani Kabla Fundi Hajalipwa?

Mwezi wa Julai mwaka 2011 nilirudi Njombe jioni kutoka Makambako, nikakuta nyumba yangu mpya haina mlango wa mbele. Wezi hawakuwa wamepita, kwani redio ilikuwa mezani na mablanketi yalikuwa kitandani. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi, taratibu, bila kuchubua fremu. Sakafuni, chini ya jiwe, palikuwa na karatasi ya daftari: "Shikamoo Mwalimu. Mlango ninao mimi. Naomba tuzungumze."

Mwandiko niliutambua mara moja, maana mimi ndiye niliyeufundisha. Fundi mwashi aliyejenga nyumba ile alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, miaka mingi nyuma. Alikuwa ananidai shilingi 480,000 za kuta na lipu, na deni lilikuwa na miezi mitano.

Wanaoijua Njombe wanajua Julai ni nini huko, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri sakitu huweza kuyafanya majani kuwa meupe. Tuliziba mlango kwa turubai. Mke wangu hakulala kwa baridi. Mimi sikulala kwa hasira.

Asubuhi niliazimia kwenda polisi, lakini kwa desturi nikapitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, anakudai?" Nikaanza kumweleza jinsi kiinua mgongo changu kilivyochelewa. Akarudia swali lile lile. Nikarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, hebu tazama jinsi nyumba ile ilivyopatikana. Mabati niliyanunua Makambako, na mwenye duka hakuachia hata bati moja kabla ya kuhesabu noti. Dereva wa matofali alisimama uani, injini ikinguruma, mpaka nilipomlipa ndipo akaruhusu yashushwe. Mwenye mbao vivyo hivyo. Sikumwona yeyote kati yao kuwa mkatili. Niliona ndiyo biashara. Ni mwashi peke yake aliyetoa mali yake kwanza na kungoja baadaye, kwa sababu mali yake ni jasho, na jasho likishaingia ukutani halirudi kwenye ndoo.

Hata sheria ina upungufu hapo. Sheria yetu ya Mikataba, ya mwaka 1961, inampa mtu aliyekabidhiwa kitu na kukitia kazi au ujuzi wake haki ya kukishikilia mpaka alipwe ujira, kama hakuna makubaliano mengine. Kwa hiyo fundi cherehani aweza kubaki na suti yangu, na fundi saa na saa yangu. Lakini nyumba haibebeki. Mwashi akimaliza huosha mwiko wake, huondoka, na kitu alichokitengeneza hubaki mikononi mwa mdaiwa. Kilichombakia ni kwenda mahakamani kama mdai mwingine yeyote, na mara nyingi mapatano yake yalikuwa ya mdomo tu.

Wamarekani waliliona jambo hili zamani. Mji wa Washington ulipokuwa unaanza kujengwa, Bunge la jimbo la Maryland lilipitisha mwaka 1791 sheria iliyompa mjenzi dai juu ya jengo lenyewe. Thomas Jefferson alikuwa miongoni mwa walioliunga mkono wazo hilo. Leo majimbo yote ya nchi ile yana sheria za namna hiyo. Mjenzi asiyelipwa huandikisha dai lake kwenye kumbukumbu za ardhi, na asipolipwa aweza kuiomba mahakama nyumba iuzwe. Sheria hiyo nayo ina mwiba wake. Mjane amemlipa mkandarasi fedha zote, mkandarasi amezila, vibarua wanakuja na dai juu ya nyumba ya mjane. Je, alipe mara mbili? Wenzetu hujaribu kuziba shimo hilo kwa notisi na muda maalumu, lakini mimi bado naliona.

Kilichonikera zaidi hakikuwa sheria. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika makala iitwayo Mali ya Taifa, akieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na mtu anachoweza kukiita chake ni kile alichokiongeza juu yake kwa nguvu zake. Fikra hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi, chaki mkononi. Nikatazama kuta zangu. Nguvu zilizoziinua hazikuwa zangu, wala fedha ya kuzinunua nguvu hizo sikuwa nimeitoa. Basi nilikuwa nalala kwenye mali ya nani?

Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Makambako, kilometa kama 60, anakoishi yule kijana si mbali na reli ya TAZARA. "Kamwene, Mwalimu," akaniamkia, akanipa kigoda. Mlango ulikuwa umeegemezwa ndani, umefunikwa magunia usipate mkwaruzo. Ulikuwa umesafirishwa kwa lori la mbao.

Nikamwambia, "Mwanangu, mlango huu si kazi yako. Nilimlipa seremala, kila senti."

"Najua, Mwalimu. Lakini ukuta usingeingia kwenye lori."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo naamini alikosea kuuchukua mlango, kwa kuwa haukuwa wake. Lakini kila nikijaribu kuyaeleza makosa yake, najikuta naeleza ya kwangu. Maana niliuza viazi na miti michache ya misindano, na fedha yake ikatimia katika siku tisa. Siku tisa, baada ya miezi mitano ya kumwambia avumilie! Na siku ile ile alipong'oa mlango, mimi nilikuwa Makambako nikinunua mabati ya jiko, kwa fedha taslimu.

Alikuja mwenyewe kuurudisha. Kabla hajafungua mfuko wake wa vifaa akasema kwamba kuupachika ni shilingi 15,000, kwa kuwa hiyo ni kazi mpya. Mke wangu akacheka. Nikamhesabia noti pale pale kizingitini, akazitia mfukoni, ndipo akatoa bisibisi.