Majina Yanayoficha Sumu

JUMANNE

Soma Mithali 23:29–35. Ni madhara gani ya mwili na ya akili yanayotajwa hapa? Mlevi mwenyewe anasema nini katika fungu la mwisho?

Kijana anayeteremsha ndizi kutoka Kinole au mboga kutoka Mgeta kwenda sokoni Morogoro hukutana na pombe yenye majina mengi. Gongo huitwa supu ya mawe, au machozi ya simba. Kunywa ni "kupiga mtungi." Kuamka na kichwa kizito na kunywa tena asubuhi ni "kuzimua," kana kwamba ni dawa. Majina haya huchekesha, na mtu haogopi kinachomchekesha. Mwenye hekima hakutumia jina la utani. Katika fungu la 32 aliifananisha pombe na nyoka.

Kwa miaka mingi kiroba kilitosha mfukoni mwa dereva wa bodaboda au mwanafunzi, mpaka serikali ilipopiga marufuku pombe ya pakiti kuanzia Machi 1, 2017. Pakiti ziliondoka, kiu ikabaki. Wengine huchanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mchanganyiko huo haupunguzi ulevi, ila humfanya mnywaji ajione mzima, naye huendelea kunywa, au hushika usukani.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, spiriti ya viwandani ambayo wauzaji wengine huitia ili pombe iwe kali. Mnywaji hawezi kuitambua kwa kuionja. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Dalili kali zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hivyo mtu hudhani ni uchovu wa jana. Akiona ukungu machoni, akitapika au akihema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Huyo ndiye ambaye rafiki zake humwambia azimue! Biblia ilikwisha kumsikia: fungu la 35 linamwonyesha akiwa amepigwa bila kujua, na bado anapanga kuitafuta tena.

Soma Habakuki 2:15. Ole hii inamwangukia nani?

Ni rahisi kumhubiri mnywaji na kumpita mpishi. Lakini nyuma ya pipa lile mara nyingi yupo mama anayetafuta ada ya shule, na wateja wake ni majirani zake, pengine hata watoto wa waumini.

Jadilini: Mama anayepika gongo anaomba kubatizwa, naye hana riziki nyingine. Kikundi chenu kitamwambia nini, na wiki hiyo hiyo kitamfanyia nini?