Akili Ikipungua, Wajibu Unahamia kwa Nani?

Mtoto wa madrasa wa Ole, Pemba, hujifunza mapema kwamba akili ni sharti la taklifu, yaani kuwajibika mbele ya sharia: aliyelala, asiyebaleghe na aliyepotewa na akili hawaandikiwi dhambi. Leo fundisho hilo linakutana na wazee ambao zamani hawakuwapo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Zanzibar mwaka 1986, ni nani aliyetarajia kuishi na virusi hadi uzeeni? Dawa za kufubaza VVU zimewafikisha wengi huko, na kwa baadhi yao kumbukumbu zinapungua. Je, mja akipata udhuru kwa sababu ya ubongo wake, wajibu wa kuilinda nafsi yake unafutika? Naamini haufutiki, bali unahamia kwa wenye akili timamu waliomzunguka.

VVU huingia ubongoni mapema, vikibebwa na chembe nyeupe za damu. Huko hujificha katika chembe za ulinzi na kuchochea uvimbe wa muda mrefu unaodhoofisha neva. Dawa zimepunguza sana upotevu mkubwa wa akili wa zama za mwanzo, lakini udhaifu mdogo umebaki. Katika hospitali ya Mawenzi, Moshi, watafiti waliwapima watu 253 wenye VVU waliofika miaka 50 na zaidi, wakakuta karibu nusu yao wana upungufu wa utambuzi; kwa baadhi ulionekana kwenye vipimo tu. Hatari iko hapa: anayesahau huruka dozi, dozi zikirukwa virusi huongezeka, na virusi vikiongezeka ubongo huumia zaidi. Mzee huyu anahitaji kukumbushwa kama anavyohitaji kidonge chenyewe.

Atasema mtu kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Ni kweli kwa dhambi. Lakini madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Pemba, yanawajibisha zaka katika mali ya asiye na akili, na walii wake, yaani msimamizi wake, ndiye anayeitoa. Ikiwa sharia haikuacha haki ya maskini ipotee kwa sababu mwenye mali amepotewa na akili, vipi tuache uhai wake mwenyewe upotee kwa sababu hiyo hiyo? Hata hivyo, udhaifu mdogo haumtoi mtu katika taklifu, wala haumnyang'anyi haki ya kuamua. Huyo husaidiwa kwa ridhaa yake, bila kufanywa mtoto.

Wako wanaoona maradhi haya ni adhabu. Wengi waliambukizwa ndani ya ndoa halali, wengine walizaliwa nayo, na hukumu ya siri za mja si yetu. Pingamizi zito zaidi ni la sitara, yaani kusitiri siri ya mtu: kijijini, kumsaidia mtu dawa ni kuijua siri yake. Lakini sitara inakataza kutangaza, haikatazi kuhudumia. Mzee na amchague mapema, angali anajiamulia, mtoto au ndugu mmoja wa kumwamini, amjulishe dawa zake na siku zake za kliniki. Na aliyechaguliwa aichukue siri hiyo kama amana. Makhatibu wa Ole walifundishe hili Ijumaa kama wanavyofundisha zaka, kwa sababu anayesahau ana udhuru mbele ya Mola wake, na sisi tunaokumbuka hatuna.